Mshairi Aliyeitwa Mwendawazimu

Miaka kadhaa iliyopita, nikifundisha darasa la mwaka wa pili kuhusu arudhi za mashairi ya lugha za Kiafrika, nilimwomba mwanafunzi mmoja kutoka Wajir atukaririe shairi lolote la Kisomali alijualo, ili tusikie jinsi sauti moja inavyorudiwa kutoka mshororo hadi mshororo. Alisimama, akafumba macho, akakariri kwa dakika zipatazo kumi bila kusita. Nilipomwuliza shairi lile ni la nani, alinitazama kana kwamba nimemwuliza jina la mji mkuu wa Kenya. Lilikuwa la Sayyid Mohammed Abdulle Hassan. Nami, kwa kutaka kulisaidia darasa limtambue mtu huyo, nikaitaja lakabu inayopatikana katika vitabu vingi vya Kiingereza, yaani yule mullah mwendawazimu. Kijana aliketi, na hakusema neno tena siku hiyo.

Kosa lilikuwa langu. Mtu anayelipwa mshahara kwa kufundisha isimu anapaswa kujua, kabla ya wengine wote, kwamba lakabu ya namna hii si maelezo bali ni hukumu, na kwamba hukumu ikishatolewa hakuna anayejisumbua tena kusikiliza ushahidi. Nimekuwa nikilifikiria jambo hili tangu siku ile, hasa kila nisomapo habari za majeshi ya kigeni yanayoingia na kutoka katika nchi ya Wasomali. Kwa hiyo nimeonelea niwasimulie walimu wenzangu, pamoja na wanafunzi wetu, maisha ya mtu ambaye Uingereza ilipigana naye kwa miaka 21. Ilimfukuza, ikamkimbia, ikajaribu kuzungumza naye, na hatimaye ikamwangushia mabomu kutoka angani, bila wakati wowote kuamua hasa ilitaka nini katika nchi yake.

Wataalamu hawakubaliani kuhusu mwaka aliozaliwa. Wapo wanaotaja 1856 na wapo wanaotaja 1864. Linalojulikana ni kwamba baba yake alitoka katika ukoo wa Ogaden, ilhali mama yake alikuwa wa Dhulbahante, na kwamba alilelewa kwa wajomba zake, wafugaji wa ngamia na farasi katika nyanda kavu zilizo mbali na bahari, kusini-mashariki ya bandari ya Berbera. Alisoma Kurani utotoni, akawa mwalimu angali kijana, kisha akashika njia kama walivyofanya watafutaji elimu wa zama zile. Alifika Harar, akafika Mogadishu, na mnamo mwaka 1894 akaenda Makka kuhiji. Huko alikutana na Sheikh Mohammed Salih, kiongozi wa tarika ya Salihiyya, akawa mfuasi wake. Aliporejea nyumbani mwaka 1895, akipitia Aden, hakuwa tena mwanafunzi wa kutangatanga. Alikuwa mtu mwenye ujumbe.

Nchi aliyoirudia ilikuwa imebadilika. Kati ya 1884 na 1886, Wamisri walipoondoka katika bandari za kaskazini, Waingereza walitia saini mikataba na baadhi ya koo za Kisomali. Msomaji asidhani kwamba walivutiwa na dhahabu au rutuba ya ardhi. Walichotaka ni nyama. Kambi yao ya kijeshi ya Aden, ng'ambo ya ghuba, ililishwa kwa kondoo na mbuzi wa Wasomali, na Berbera ndiyo iliyokuwa bucha yake. Mikataba ile iliahidi ulinzi. Naomba neno hilo, ulinzi, liwekwe akilini, kwani tutalirudia. Mwaka 1897 Uingereza hiyo hiyo ilitia saini mkataba mwingine na Mfalme Menelik wa Ethiopia, ikamwachia sehemu ya malisho ya watu iliokuwa imewaahidi ulinzi. Wenye malisho hawakuulizwa.

Mjini Berbera, Sayyid hakupokewa kwa shangwe. Mji ule ulikuwa wa wafanyabiashara na wa masheikh wa Qadiriyya, tarika kongwe iliyoheshimu makaburi ya mawalii na isiyoona dhambi kubwa katika kutafuna miraa. Yeye aliyalaani yote mawili. Aidha, alikasirishwa na wamishenari Wakatoliki kutoka Ufaransa waliokuwa wakiwalea na kuwabatiza watoto mayatima. Inasimuliwa kwamba alipomwuliza mtoto mmoja jina na ukoo wake, mtoto alijitambulisha kwa jina la Kikristo, na akasema kuwa ukoo wake ni ukoo wa mapadre. Sijui kama kisa hiki kilitokea jinsi kinavyosimuliwa, lakini jamii inayomtambua mtu kwa kuhesabu mababu zake kumi au ishirini haiwezi kubuni kitisho kikubwa zaidi ya hicho.

Kuna kisa kingine, na hiki kinamhusu mwanaisimu moja kwa moja. Inasemekana kwamba Sayyid aliposhuka chomboni Berbera, afisa wa forodha alimtaka alipe ushuru wa mizigo yake. Yeye akamwuliza afisa yule iwapo naye alilipa ushuru wowote alipotia mguu katika nchi ile kwa mara ya kwanza, na ni nani aliyempa ruhusa ya kuingia. Mkalimani, Msomali aliyetaka kuyaepusha maji yasizidi unga, hakuyatafsiri maneno yale. Alimweleza bwana wake kwamba huyu ni sheikh mwenye wazimu, asimtilie maanani. Ikiwa kisa ni cha kweli, basi lile jina lililokuja kutumiwa bungeni London na katika magazeti ya dunia nzima lilizaliwa kama hila ya mkalimani, na swali lililokuwa nyuma yake halikumfikia aliyeulizwa. Hata Douglas Jardine, aliyekuwa katibu katika serikali ya huko, alipochapisha kitabu chake mwaka 1923, wazimu huo uliandikwa juu ya jalada.

Vita vilianza mwaka 1899 kwa jambo dogo. Mwakilishi wa Uingereza aliandika barua akidai bunduki moja ambayo, kwa madai yake, wafuasi wa Sayyid waliipata isivyo halali. Kufikia mwezi Agosti mwaka huo, Sayyid alikuwa amekusanya maelfu ya watu huko Burao, penye visima vinavyotegemewa na wafugaji wa pande zote. Wafuasi wake aliwaita madarweshi. Uteuzi wa neno hilo haukuwa wa bahati. Darweshi hana ukoo, hivyo jina liliwapa Ogaden, Dhulbahante na wengineo mahali pa kukutana ambapo hesabu ya mababu haikuwatenga. Alipigana kwanza na Waethiopia, akiishambulia ngome yao ya Jijiga mnamo Machi 1900 ili kurejesha mifugo iliyotekwa, na alipoteza watu wengi. Kisha Waingereza wakaja.

Walikuja mara nne katika miaka minne. Msafara wa kwanza, wa mwaka 1901, uliongozwa na Eric Swayne akiwa na askari wa Kisomali wapatao 1,500 walioandikishwa kwa haraka. Wa pili, mwaka 1902, ulivamiwa katika vichaka vya Erego, na mzinga wa Maxim ukatekwa. Wa tatu ndio uliotia fora kwa maafa. Tarehe 17 Aprili 1903, mahali panapoitwa Gumburu, kikosi cha Luteni Kanali Plunkett kilizingirwa, kikajipanga mraba kama vitabu vya kijeshi vilivyofundisha, kikafyatua risasi mpaka zikaisha. Maafisa wote waliuawa, na askari walionusurika walikuwa wachache mno. Wengi wa askari hao hawakuwa Waingereza wala Wasomali. Walikuwa Wayao kutoka Nyasaland, yaani Malawi, wakitumikia KAR, au Keya kama babu zetu walivyozoea kuiita, pamoja na Masingasinga kutoka Bara Hindi. Huwa natamani walimu wa historia wapasimamie kidogo mahali hapa. Mwana wa mkulima kutoka ziwa Nyasa alikufa katika jangwa la Wasomali kwa sababu ya ugomvi ulioanzia kwenye bunduki moja, akiwa hajui neno hata moja la lugha ya adui wala, yamkini, la lugha ya bwana wake.

Msafara wa nne ulikuwa na majeshi mengi zaidi, chini ya Jenerali Egerton, na tarehe 10 Januari 1904 huko Jidbali madarweshi walifanya kosa ambalo hawakulirudia. Walishambulia mchana kweupe katika uwanja wazi, mbele ya mizinga ya Maxim. Walikufa mamia kwa mamia. Sayyid alikimbilia upande uliodaiwa na Italia, na mwezi Aprili manowari za Kiingereza zikaupiga mji wa Illig uliokuwa mikononi mwake kando ya bahari. London ilitangaza ushindi. Mwaka uliofuata, Machi 1905, Waitalia walitia saini naye mkataba huko huko Illig, wakampa eneo la kuishi na watu wake katika bonde la Nugaal. Mwendawazimu, kumbe, aliweza kutia saini mkataba, na kwa miaka mitatu hivi palikuwa na utulivu wa kiasi.

Hapa sina budi kuuacha uwanja wa vita, kwa kuwa nguvu za mtu huyu hazikuwa katika bunduki pekee. Mshairi wa Kisomali anayetunga gabay, utenzi wa heshima ya juu kabisa, hutakiwa kuchagua sauti moja na kuiweka katika kila mshororo, tangu wa kwanza hadi wa mwisho, hata mishororo ikifika mia. Sisi huweka vina mwishoni na katikati, wao huweka sauti yao mwanzoni mwa maneno. Anayejaribu hugundua upesi jinsi msamiati wake ulivyo mfinyu. Sayyid alikuwa na watu maalumu waliohifadhi kila alichotunga, wakakipeleka kwa mdomo kutoka kisima hadi kisima. Katika nchi isiyo na magazeti wala simu, shairi zuri lilikwenda kwa mwendo wa ngamia, na halikuhitaji kurudishwa. Alitunga kuwasuta waliomsaliti, kuwabembeleza waliositasita, kumsifu farasi wake Hiin Finiin, kuwatisha wapinzani wake, kuomba mvua. Msomaji anayeujua uhusiano wa Muyaka bin Haji na siasa za Mombasa wa zama za Mazrui ataelewa ninachosema, ila azidishe mara kadhaa. Serikali iliyoko Berbera ilikuwa na wapelelezi waliohesabu farasi na bunduki zake. Mashairi, ambamo alikuwa akitangaza waziwazi nani amemkasirisha na kwa nini, hayakupewa uzito wa namna hiyo. Ndivyo nionavyo mimi, na huenda wenzangu wa idara ya historia watanisahihisha.

Oktoba 1907 naibu waziri wa makoloni, kijana aliyeitwa Winston Churchill, alipita Berbera akiwa njiani kuja Mombasa. Alitazama bajeti, akatazama nchi, akashauri kwamba serikali irudi pwani na kuachana na bara. Ushauri ulikaa. Mwaka 1908 mapigano yalianza tena, na mwaka 1909 London ilijaribu njia mbili kwa pamoja. Ilimtuma Reginald Wingate, Gavana Mkuu wa Sudan, akifuatana na Rudolf Slatin, ambaye aliwahi kuwa mateka wa Mahdi kwa miaka mingi na kwa hiyo alidhaniwa kuwajua watu wa aina hii. Mazungumzo yao na Sayyid hayakuzaa kitu. Wakati huo huo, barua ilifika kutoka Makka ambamo Sheikh Mohammed Salih mwenyewe alimkemea mfuasi wake kwa umwagaji damu. Barua iliwatikisa madarweshi kuliko Jidbali. Baadhi yao walikutana kwa siri chini ya mti mmoja kupanga jinsi ya kumwondoa, siri ikafichuka, na wengi wao walitoroka au kuuawa. Wakati wa kuzungumza kwa dhati, ikiwa uliwahi kuwapo, ulikuwa huo. London iliutumia kufunga mizigo.

Mnamo Machi 1910 Waingereza walikuwa wamekwisha kurudi katika miji mitatu ya pwani. Kabla ya kuondoka waliwagawia bunduki Wasomali waliokuwa upande wao, wakiwaambia wajilinde. Sasa tulirudie lile neno la mikataba ya miaka ya 1880. Watu waliotia saini ili walindwe, na ambao kwa miaka kumi walikuwa wametoa askari, ngamia na miongozo kwa serikali, waliachwa bara pamoja na adui ambaye serikali ile ile ndiyo iliyowafundisha kumpiga. Kilichofuata ni kila ukoo kuuvamia mwingine kwa bunduki zile za ulinzi. Wasomali wanaukumbuka wakati ule kwa jina linalomaanisha ulaji wa haramu, kwa sababu watu walikula visivyolika. Makisio yanayorudiwa mara nyingi vitabuni yanasema kwamba theluthi moja ya wanaume wa eneo lile waliangamia. Hakuna aliyewahesabu wakati ule, na huenda idadi imetiwa chumvi, lakini hata tukiigawanya kwa mbili haiwezi kuitwa uchumi mzuri wa fedha za serikali.

Wala Sayyid si mtu wa kupakwa mafuta na kuwekwa kwenye rafu ya mashujaa. Waliokufa kwa mikono ya madarweshi walikuwa Wasomali zaidi ya walivyokuwa Wazungu, kwa mbali sana. Aliteka mifugo ya koo zilizokataa kumfuata, na katika nchi kavu kumwondolea mtu ngamia wake ni kumwondolea uhai polepole. Mwaka 1909 wafuasi wake walimuua Sheikh Uways wa Barawa, pamoja na wanafunzi wake, huko Biyoley kusini mwa Somalia. Jina la Sheikh Uways linajulikana katika upwa wetu wote, kwani ndiye aliyeieneza Qadiriyya hadi Unguja na Tanganyika, na huko mpaka leo wako wanaofuata silsila yake. Kosa lake lilikuwa kupingana na Salihiyya kwa kalamu na kwa ulimi. Mshairi aliyejua thamani ya neno aliamua kwamba neno la mwingine lijibiwe kwa mkuki. Mwalimu anayemfundisha Sayyid kama mpigania uhuru tu, akaliruka kaburi la Biyoley, anawapa wanafunzi nusu ya habari, sawa na yule anayefundisha wazimu tu.

Waingereza walirudi bara kwa mlango wa nyuma. Mwaka 1912 waliunda kikosi kidogo cha polisi wa ngamia, watu 150 hivi, chini ya Richard Corfield, ili kutuliza ugomvi wa koo jirani na pwani. Aliagizwa asipambane na madarweshi. Tarehe 9 Agosti 1913 alipambana nao huko Dul Madoba, akapigwa risasi kichwani. Sayyid alitunga juu ya kifo hicho shairi ambalo huenda ndilo mashuhuri kuliko yote aliyoyatunga. Halisemi na walio hai. Linasema na maiti mwenyewe, likimpa maagizo ya mambo atakayowasimulia wakazi wa Jahannamu atakapofika huko: jinsi alivyouawa, silaha zilizomwua, fisi na ndege waliomla. Ni shairi la kutisha. Pia ni ripoti ya kijeshi iliyo kamili kuliko ile iliyopelekwa London, kwa kuwa inataja kwa utaratibu kila kilichotokea na kwa nini mshindi anaamini kilistahili kutokea.

Wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza, Sayyid alikuwa amehama mahema akajenga ngome za mawe, kubwa kuliko zote ikiwa ile ya Taleh, iliyojengwa na waashi kutoka Yemen. Aliandikiana na Waturuki. Mwaka 1916 Lij Iyasu, mtawala kijana wa Ethiopia, alimpelekea fundi Mjerumani wa kutengeneza silaha. Haya yote yalionekana kuwa maendeleo, na kwa mtazamo wangu yalikuwa ndiyo mwanzo wa mwisho wake. Mfugaji anayehamahama hana anwani. Mwenye ngome anayo.

Vita Vikuu vilipokwisha, wakuu wa jeshi la nchi kavu waliiambia serikali mjini London kwamba kumwondoa Sayyid kutahitaji divisheni mbili au zaidi na mamilioni ya pauni. Hugh Trenchard, mkuu wa jeshi changa la anga lililokuwa likitafuta sababu ya kutovunjwa, alidai angeweza kuifanya kazi hiyo kwa ndege 12. Alipewa. Ndege za aina ya DH9 zililetwa Berbera kwa meli, vipande vipande ndani ya makasha, zikaunganishwa ufukoni, na tarehe 21 Januari 1920 zikaipiga kambi ya Sayyid huko Medishe. Inasimuliwa kwamba madarweshi hawakuwa wamewahi kuona ndege. Sayyid alivaa mavazi yake bora akatoka kuvitazama vile vyombo, asijue kama ni wajumbe wa Mungu au wa Sultani wa Uturuki. Bomu la kwanza lilimwua mtu aliyesimama karibu naye, na nguo zake mwenyewe zikaungua. Siku zilizofuata ndege zilipiga ngome, kambi na mifugo, huku kikosi cha ngamia, askari wa KAR na Wahindi wakisonga kwa ardhi. Taleh ilitekwa tarehe 9 Februari. Wiki tatu! Leo Amery wa Wizara ya Makoloni alipiga hesabu baadaye akapata gharama ya pauni 77,000, na akajivunia kwamba hakuna vita vilivyowahi kugharimu fedha kidogo kama hivyo.

Hesabu hiyo haikuwa na safu ya miaka 20 iliyotangulia, wala ya waliokufa baada ya 1910.

Sayyid alitorokea Ogaden, akiwa amepoteza wengi wa jamaa zake. Gavana Geoffrey Archer alituma ujumbe wa masheikh kumpelekea ahadi ya msamaha na mahali pa kuishi kwa amani na tarika yake. Alikataa. Ndui iliingia katika kambi yake, mifugo ikafa kwa maradhi, kisha jeshi la koo alizokuwa amezipora likamvamia na kumtawanya. Alifika Imi, kando ya mto Shabelle katika Ethiopia, na huko, mwishoni mwa mwaka 1920, ile homa ya mafua iliyokuwa ikizunguka dunia ikammaliza. Hakuna Mwingereza, Mwitaliano wala Mwethiopia aliyewahi kumshika.

Churchill, aliyekuwa amependekeza nchi iachwe kwa kuwa ni ghali, alikuwa Waziri wa Makoloni mwaka 1921 alipoitisha mkutano wa Cairo kuhusu Iraq, nchi iliyokuwa imeasi mwaka uliotangulia na kugharimu fedha nyingi. Mfano wa Somalia ulikuwa mezani. Kuanzia Oktoba 1922 ulinzi wa Iraq ulikabidhiwa jeshi la anga, na vijiji vilivyokataa kulipa kodi vikawa vinapigwa kwa ndege. Mbinu iliyojaribiwa juu ya madarweshi ikawa sera. Wazo kwamba uasi wa watu usioelewa lugha yao unaweza kumalizwa kutoka juu, kwa gharama ndogo, bila kulazimika kukaa nao chini na kuwasikiliza, limekuwa na umri mrefu kuliko wote waliolibuni.

Nchi ya Wasomali yenyewe imeona wageni wengi tangu hapo. Wamarekani waliingia Desemba 1992 kwa ajili ya njaa, wakapoteza askari 18 katika vita vya Mogadishu vya Oktoba 1993, wakaondoka Machi 1994. Waethiopia waliingia Desemba 2006 na kuondoka mwanzoni mwa 2009. Majeshi yetu wenyewe yalivuka mpaka Oktoba 2011. Sitaki kusema kwamba hali hizi ni moja, maana si moja, na wanaowalinganisha al-Shabaab na madarweshi kwa wepesi huwa hawajawasoma wala hawa wala wale. Ila nimejaribu mara nyingi kutafuta katika magazeti yetu uchambuzi wa yale wanayoyasema na kuyatunga watu wa huko kwa lugha yao, nikakuta idadi ya magari ya deraya.

Wasomali walipoanza kuandika lugha yao kwa hati za Kirumi mwaka 1972, moja kati ya kazi za mwanzo kuchapishwa ilikuwa diwani ya Sayyid, iliyokusanywa na Sheikh Jaamac Cumar Ciise kutoka vinywani mwa wazee na kutolewa mwaka 1974. Serikali ya Siad Barre ilimsimamishia sanamu Mogadishu, akiwa juu ya farasi. Serikali ilipoanguka mwaka 1991, sanamu nayo haikubaki.

Wiki iliyofuata lile somo la arudhi nilimwomba radhi yule kijana mbele ya darasa, nikamsihi alikariri tena shairi lile, na akalikariri. Ndipo msichana aliyeketi nyuma, Msomali pia, aliponyosha mkono. Alisema kwamba nyumbani kwao shairi lile halikaririwi, kwa sababu madarweshi walichukua ngamia wote wa mama wa nyanya yake, na watoto wawili hawakuumaliza mwaka ule. Akaomba naye akariri, akatupa shairi la Ali Jama Habil, mshairi aliyempinga Sayyid enzi zile zile kwa silaha ile ile. Kijana wa Wajir alimsikiliza kwa makini hadi mwisho, kisha akamsahihisha neno moja.